Ibara ya Kumi na Moja

Kaeni vizuri, wenzangu, na anayetaka hadithi ya kuchekesha aondoke mapema. Palikuwa na umoja wa vilabu vya wanafunzi wa sheria ya mazingira, wa nchi nzima, na katibu wake aliitwa Kokubelwa. Binti huyu alijua kuandika sheria. Katiba ya umoja aliiandika yeye, na ibara aliyojivunia zaidi ilikuwa ya kumi na moja: umoja utamtetea mwanafunzi mmoja tu kwa mwaka mbele ya chuo chake. Aliiweka ili vilabu vikubwa vya mjini visivimeze vidogo kwa wingi wa mashauri yao. Walimpigia makofi.

Basi kukawa na kiwanda cha ngozi kilichomwaga sumu mtoni, na kijiji kilicho chini ya mto kikawa kinazika watoto. Umoja ukafungua kesi kwa jina lake. Walioibeba ni wanafunzi watatu wa chuo kimoja.

Mbonea alijua maji. Siku arobaini aliingia mtoni kujaza chupa za kupeleka maabara, mpaka ngozi ya mikono ikambabuka.

Wa pili, jina lake Sikudhani, alijua makaratasi. Alikataa mara mbili kuingia kwenye kesi, Kokubelwa akambembeleza, naye akapekua majalada ya wilaya hadi akakuta kibali cha kiwanda kiliisha miaka sita nyuma.

Bhoke alijua watu. Alikaa matangani na akina mama waliofiwa, akawapikia, hata wakakubali kusema mahakamani.

Jaji alitamka wazi: kimoja kati ya hivyo vitatu kingekosekana, kesi ingekufa. Kiwanda kikafungwa, kikakata rufaa. Wiki haijaisha, chuo kikawafukuza wote watatu, eti wamekiaibisha. Wakapewa siku kumi na nne za kupinga, la sivyo hawasomi tena sheria maishani. Na chuo hakimsikilizi mwanafunzi asiyesimamiwa na umoja wake.

Katika kikao cha umoja Kokubelwa akataka watetewe wote. Mwenyekiti akamuuliza taratibu, "Ibara ya kumi na moja aliandika nani?"

Kuibadilisha kunataka mikutano mikuu miwili, miezi minane. Kuivunja je? Wakili wa kiwanda alikuwa akisubiri hilo tu. Umoja ukivunja katiba yake unafutwa, kesi inafutika nao, na sumu inarudi mtoni. Kokubelwa alijichukia, masikini, akatamani siku ya kuiandika ibara ile angekuwa mgonjwa asishike kalamu. Kikao kikamwachia yeye achague mmoja wa kutetewa.

Akawaita wale watatu mmoja mmoja. Mbonea alimwonyesha mikono. Ilikuwa ikitibiwa kwa kitambulisho cha chuo, na akitoka hana wa kumtibu.

Sikudhani hakukaa hata kitini. "Mimi nilikataa, dada. Wewe ndiye uliyeniingiza."

Bhoke hakujiombea. Alisema tu kwamba akina mama wanatishwa wafute maneno yao, na wakiona hata yeye ametupwa, watayafuta.

Leo ni siku ya kumi na nne, na ofisi ya chuo inafungwa saa kumi. Watatu hao wamekaa kwenye benchi nje. Kokubelwa amefungua mlango, nao wamesimama wote kwa pamoja.

Haya, ninyi mlionisikiliza, mimi siwasaidii. Mngeita jina la nani? Na wale wawili wanaobaki, mngewaambia nini huku wanawatazama?