Kiti cha Pili cha Kwenda Vumbini

Hapo zamani, na sisemi zamani za majini na wafalme, nasema zamani za juzijuzi ambazo picha zake bado zimo kwenye simu za watu, palikuwa na mama mmoja wa Pangani akiitwa Bi Tunu. Pangani alishaihama. Alikuwa akiishi Australia, katika mji wa Adelaide, nyumbani kwa mwanawe mkubwa.

Wanawe walikuwa watatu. Wa kwanza Shomari, dereva wa lori, mtu wa maneno machache na hasira nyingi. Wa pili Kibibi, muuguzi, ambaye hata sokoni haendi bila karatasi aliyoiandika. Wa mwisho Mtoro, mpishi wa hoteli katika mji mdogo uliojikalia katikati ya jangwa, mbali na kila kitu. Mji huo una jina, lakini ni jina refu lenye kona nyingi, na Bi Tunu hakuwahi kulimaliza. Yeye aliuita Vumbini. Nasi tuuite Vumbini, tusiumize ndimi zetu bure.

Sasa sikilizeni vizuri. Kwa miaka kumi Shomari na Mtoro walikuwa hawasemezani. Baba yao alipofariki hapo Adelaide, Mtoro hakuonekana mazikoni. Alipiga simu akasema, "Kaka, barabara imefungwa. Mvua imenyesha."

Shomari akamjibu, "Mvua? Jangwani? Hata uongo umekushinda kuutunga! Kuanzia leo sina mdogo, na mlango wangu usiujue."

Akakata simu. Mtoro naye, kwa uchungu na kwa heshima ya mkubwa wake, akasema hatakanyaga Adelaide mpaka kaka mwenyewe amfungulie mlango. Kaka hakufungua. Miaka ikaenda, na Bi Tunu akawa anaisikia sauti ya mwanawe kwa simu ya Kibibi tu, jikoni, bomba la maji likiwa limefunguliwa ili Shomari asisikie. Mama mzima, anajificha kuongea na mtoto aliyemzaa! Mimi jambo hilo linaniudhi mpaka leo.

Mwaka mmoja Bi Tunu akapelekwa kwa daktari wa macho. Presha ya macho ilikuwa imeshamharibu. Jicho la kushoto limekwisha, akaambiwa, na la kulia lina miezi michache. Jioni hiyo wakakaa sebuleni kupanga likizo ya familia. Shomari alitaka kwenda ufukweni kuvua samaki. Mkewe, Mwanaidi, alitaka mji wenye maduka. Kibibi akasema, "Mama ndiye aulizwe."

Bi Tunu akasema, "Nyuso zenu nimezishiba. Hata nikifumba macho naziona. Lakini uso wa Mtoro ninaoukumbuka ni wa kijana asiye na ndevu. Sasa ana ndevu, ananiambia. Nipelekeni Vumbini nikamwone, kabla jicho hili nalo halijaniaga."

Shomari akalitazama zulia kama ndiyo kwanza analiona. Mwisho akasema, "Nitaendesha, Mama. Nitakufikisha mpaka mlangoni kwake. Lakini mimi garini sishuki."

Basi safari ikaanza kupangwa. Kibibi akaandika, Shomari akakagua gari, Mwanaidi akakaanga.

Kibibi akaandika nini? Kila kitu. Shomari alitaka wangoje Desemba, Kibibi akakataa. Desemba joto la kule linaua watu, na jicho la mama halina ahadi na Desemba. Twende Julai. Akatoa siku chache za likizo alizobaki nazo, alizokuwa akiziweka akiba ili aende Pangani, akaziweka zote kwenye safari hii. Akapiga simu hotelini kushika vyumba, vile vilivyochimbwa ndani ya mwamba, maana watu wa huko hulikimbia jua kwa kukaa chini ya ardhi. Akaandika madumu ya maji, akaandika matairi mawili ya akiba, akaandika saa za matone ya dawa ya jicho la mama. Akaandika na kupigia mstari kwamba jua likielekea kuzama gari lisimame, kwa sababu ya kangaruu wanaorukia barabarani.

Shomari akakagua gari. Kila jioni akitoka kwenye lori analala chini ya gari lake, anagonga, anafunga, ananung'unika. "Na mtu mwenyewe mnayemwendea!" Ananung'unika, lakini anafunga. Mwanaidi akimpelekea chai huko chini, anainywa kwa kuegemea gurudumu.

Mwanaidi akakaanga. Alitaka kumchukulia shemeji yake ndimu na maembe, Kibibi akavifuta kwenye daftari. Njiani kuna wakaguzi wanaonyang'anya matunda kwa kuogopa nzi wanaoyaharibu mashamba. Basi Mwanaidi akakaanga visheti, ndoo nzima, vya iliki na sukari ya kugandia. Walimcheka!

"Wifi, tunakwenda jangwani au tunakwenda harusini?" Kibibi akasema. "Ndoo hiyo imekaa mahali pa dumu la maji."

"Huko tuendako hakuna watu?" Mwanaidi akajibu. "Kama wapo, watakula."

Wakaondoka. Siku ya kwanza lami. Siku ya pili lami ikaisha, ikaja ardhi nyekundu, hakuna mti wa kumfunika hata kuku. Siku ya tatu, saa sita mchana, wakafika kwenye kituo cha mafuta chenye mgahawa. Zilibaki kilomita mia na themanini tu. Bi Tunu akaomba kitana, akajitengeneza nywele, akavaa mtandio mpya. "Nisije nikamtisha mwanangu," akasema.

Mbele ya kituo palikuwa na kibao kimesimamishwa katikati ya njia. Kibibi akakisoma mara moja, akakisoma mara ya pili. BARABARA IMEFUNGWA.

Mbingu ilikuwa safi, rangi ya samawati, hakuna wingu. Shomari akashuka garini. Ndiyo, yule yule aliyesema mlangoni kwa Mtoro hashuki. Akamuuliza mtu wa kituo, "Imefungwa kwa nini?"

"Mvua," yule mtu akasema. "Ilinyesha juzi huko mbele. Udongo huu ukilowa ni tope tupu, gari linazama mpaka milango. Hesabuni wiki tatu, nne."

Kibibi akafungua daftari lake. Ukurasa wa mvua haukuwamo. Angeuandikaje, na yeye anakwenda jangwani? Shomari akasogea mpaka kwenye kibao, akakigusa kwa kiganja. "Mvua," akasema. "Jangwani." Kisha mwanamume yule mwenye miaka hamsini akakaa chini kwenye vumbi akalia kwa sauti. "Mtoro alisema kweli, Mama. Alisema kweli, na mimi nilimfukuza."

Bi Tunu akatoa mkono dirishani akapapasa hewa, akimtafuta mwanawe amshike kichwa, hakumfikia.

Na Mwanaidi? Mwanaidi alikuwa ameshaingia mgahawani na ndoo yake. Kiingereza chake ni cha kuungaunga, lakini haya hana. Akamgawia mwenye mgahawa, akawagawia madereva waliokwama, akamgawia mama mmoja wa makamo mwenye kofia pana, aitwaye Beryl. Kumbe Beryl ni rubani. Kila Jumanne hupeleka barua na dawa kwenye miji ya jangwani kwa ndege ndogo, na Alhamisi hurudi. Akala kisheti kimoja, akala cha pili. Mwanaidi akamweleza habari ya jicho, habari ya mtoto, habari ya kibao. Beryl akaacha kutafuna.

"Nina viti viwili vitupu," akasema. "Mama, na mtu mmoja wa kumshika mkono. Cha tatu sina. Nitawarudisha Alhamisi. Tunaruka baada ya nusu saa."

Mama na mtu mmoja. Lakini mtu gani?

Kibibi akasema, "Ni mimi. Nani aliyeipanga safari hii? Nani ajuaye matone ya Mama? Na tena, Kaka, mimi sikugombana na mtu. Miaka kumi nimenyimwa ndugu yangu kwa ugomvi usio wangu. Likizo yangu inaisha Jumamosi, na nyingine sina."

Shomari akasema, "Ni mimi. Nina neno la kumwambia Mtoro, na yeye anangoja niliseme mimi, si mwingine."

"Mwambie kwa simu," Kibibi akasema. "Hoteli ina simu."

"Ni kwa simu nilimkata," Shomari akajibu. "Siwezi kumrudisha kwa simu. Nataka anione nimesimama mlangoni kwake, na Mama akiwa bado anaweza kutuona tumekumbatiana."

Mwanaidi alikuwa ameinamia ndoo tupu. Akasema, "Ni mimi."

Wote wakageuka.

"Kiti nimekitafuta mimi, lakini si kwa hilo," akasema. "Siku ya nne baada ya mazishi Mtoro alipiga tena. Nilipokea mimi, bibi harusi wa miezi miwili. Akaniambia amelala garini siku tatu mbele ya kibao, ng'ambo ya barabara hii hii, akingoja wafungue. Akasema, 'Shemeji, mwambie kaka.' Sikukwambia, Shomari. Ulikuwa umeapa kwamba atakayelitaja jina lake nyumbani atafungasha virago. Niliogopa. Miaka kumi kila nikimwona Mama anafungua bomba jikoni, moyo wangu unaungua. Niacheni nikamwombe radhi."

Shomari alitaka kukasirika. Lakini aliyeapa alikuwa nani?

Wakamgeukia Bi Tunu. "Mama, chagua wewe."

"Wawili nimewazaa," Bi Tunu akasema, "na huyu nimekaa naye miaka kumi kama niliyemzaa. Leo mnanitaka niwapange nani mbele, nani nyuma? Sichagui. Nipandisheni."

Beryl akampandisha, akamfunga mkanda, akawasha injini. Vumbi jekundu likainuka likawafunika wote watatu, wamesimama, hakuna aliyesogea. Bi Tunu akaunyoosha mkono nje ya mlango, kiganja juu, akiungoja mkono wa mtu. Uso wake aliuelekeza mbele, kule Vumbini, asimwone atakayemjia.

Mmoja alipanda, na mimi namjua. Lakini simtaji mpaka nyinyi mlioketi hapa mseme kwanza. Aliyepanga safari na kunyimwa ndugu kwa kosa lisilo lake? Aliyemfukuza ndugu na sasa anataka kumrudisha? Au aliyekitafuta kiti, na kuficha neno miaka kumi?

Je, nani alistahili kuushika mkono ule?