Jongoo Bado Anakwenda

Paukwa!

Pakawa!

Aa, hiyo sauti ya wagonjwa. Paukwa!

PAKAWA!

Haya, sasa tuko pamoja.

Hapo zamani za kale, babu yangu hajaota hata jino, wanyama walitaka kujua nyika inaishia wapi. Twiga alijaribu, akarudi na kiu. Swala alikimbia, akarudi anahema. Jongoo akasema, "Nitakwenda mimi." Wakacheka, kwa! kwa! kwa!

Jongoo hakujali. Akamwambia rafiki yake Fuko, mchimba mashimo, "Nikiwa mbali nitagonga ardhi kwa miguu. Wewe sikiliza shimoni mwako, unijibu. Nisipojibiwa, nitajua mmenisahau. Nitakaa chini, basi."

"Nitajibu," Fuko akasema.

Jongoo akaenda, akaenda, akaenda. Ti-ti-ti-ti! Fuko akatoka mbio: "Ameona mlima unaotoa moshi!" Ti-ti-ti! "Ameona ziwa limejaa ndege heroe!" Vigelegele! Fuko akagonga ardhi kumjibu, du!

Mvua zikaja, zikapita. Zikaja, zikapita. Watoto wakawa wazee. Ti... ti... Sauti ikafifia, kisha kimya.

"Amekufa huyo," Tembo akasema. "Tufukie hilo shimo, tupate uwanja wa ngoma."

Fuko akalia. "Jamani, hajafa! Ninyi mnakanyagakanyaga mno. Simameni kidogo tu, wote. Nisiposikia kitu, fukieni, mnifukie na mimi humo humo!"

Wakamwonea huruma, wakasimama. Nyani akaacha kujikuna. Nyumbu wakaacha kutafuna. Tembo alikuwa amenyanyua mguu, akabaki nao juu vivyo hivyo, anayumba.

Kimya. Kimya kabisa.

Ti.

"Yu hai!" Fuko akaruka. "Anasema amechoka, anaipumzisha miguu mmoja mmoja, ili iliyobaki iendelee."

Ti...

"Anasema mwisho wa nyika hajauona. Kila akifika, kuna nyika nyingine. Lo, kuzuri huko!"

Ti...

"Anauliza, mpo?"

Tembo akaushusha mguu wake, na wanyama wote pamoja naye: DUUUU! Tupo!

Wakangoja. Jua likapinda, wakangoja. Ti-ti-ti-ti!

"Anasema nini?" Tembo akanong'ona.

"Hasemi kitu," Fuko akajibu. "Anatembea."

Basi wanangu, nanyi wakubwa mnaojifanya hamnisikilizi: aliyekwenda mbali kwa ajili yetu tusimchoke. Tunyamaze tumsikie, kisha tumjibu.

Hadithi yangu nimeitua hapo. Jongoo mwenyewe hajatua.