Kwa Nini Mbegu ya Okidi ni Vumbi

Kabla okidi, yale maua ya milimani, hazijajifunza kukwea miti, zilikaa chini kama maboga, kila nyumba na yake karibu na mlango. Mbegu ya okidi ilikuwa nene kama kunde, imebeba chakula chake tumboni. Ukiitupa tu, inaota. Hata mvivu alikuwa na bustani. Msicheke, nyinyi mngekuwa na mbili.

Huko milimani binti akiolewa alitoka kwao na mbegu ya okidi ya mama yake, akaipande mlangoni kwa mumewe. Hana mbegu, hatoki. Hata kama mahari imekwisha kuliwa na mifupa imetupwa, hatoki.

Sasa kulikuwa na kijana mmoja, Kobelo, aliyemchumbia Zamoyoni wa ng'ambo ya bonde. Kobelo alikuwa na mikono hodari na mdomo hodari zaidi. Posa yake ilipokubaliwa, aliwasha moto wa sifa kileleni, mkubwa kupita kiasi, ili mabonde yote yajue nani anaoa. Mabonde yakajua. Nondo nao wakajua. Wale nondo, vipepeo wa usiku wenye ulimi mrefu kama uzi, ambao kazi yao ilikuwa kuhamisha chavua ya okidi, waliufuata ule mwanga wakaungua wote.

Okidi ya mama yake Zamoyoni ikachanua pamoja na za milango mingine, ikasubiri. Hakuna aliyekuja. Maua yakaanza kudondoka bila kuacha tunda, na Kobelo, ambaye nyumba alikwisha kuijenga na kuitangaza, akaona ndoa yake inadondoka nayo.

"Mama, tufanyeje?" aliuliza, amesimama mbali, macho chini kama mkwe anavyotakiwa.

"Tufanyeje na nani? Nondo niliwachoma mimi?" Mama Zamoyoni hakuacha kuchambua mboga. "Umewaua wafanyakazi, fanya kazi yao. Nenda kawe nondo."

Zamoyoni alicheka mpaka akakaa chini. "Mabawa anayo tayari, mama. Akifungua mdomo tu, anapaa."

Likabaki ua moja milimani kote, la mama Zamoyoni. Kobelo akachonga kijiti, akapiga magoti. Katikati ya ua aliona kitu kama pua ndogo iliyovaa kofia. Akaiinua kofia kwa ncha ya kijiti, na vidonge vya njano vikanata hapo. Hivyo ndivyo chavua yenyewe. Chini ya ile pua kulikuwa na kishimo chenye ute. Akavibandika humo.

Kesho yake ua likanyauka. Kobelo nusura ahame kijiji, akijua ameliua. Mama Zamoyoni akamwambia aache upuuzi: ua lililokwisha kupata lilichokitaka linajipambia nani tena? Na kweli, kikonyo kikaanza kunenepa, kikawa tunda la kijani lenye mbavu.

"Liache mpaka ncha igeuke njano," mama alimwonya. "Mbegu zimo, ila mama yao hajamaliza kuzifungia chakula. Usiliguse."

Kwa mtu mwingine hilo lingetosha. Kobelo alizunguka kwenye vilabu vya pombe akitangaza kwamba yeye ni nondo mwenye miguu, yeye ndiye aliyeitia okidi mimba.

"Mbegu ziko wapi?" wakamuuliza.

"Zimo ndani, nene kama kunde."

"Tuoneshe basi, bwana nondo."

Wakamcheka, na kicheko hicho hakukiweza. Akawaongoza wote hadi mlangoni kwa mama mkwe, mwenyewe yuko shambani, akatoa kisu, akalipasua tunda lingali kijani.

Hapakuwa na kunde. Palikuwa na vumbi, laini kuliko unga wa muhogo, mbegu zisizohesabika, tupu zote, kama watoto waliofukuzwa jikoni kabla chakula hakijapakuliwa. Upepo wa mlimani ukazizoa. Zilizoangukia udongoni zilikufa njaa. Zilizonata juu kwenye magome yenye unyevu zilikuta ukungu mweupe unaoota kwenye miti, nao ukazihurumia, ukazilisha, zikaota hukohuko.

Mama Zamoyoni aliporudi alikuta wanywaji wamekwisha kutawanyika na mkwewe amekaa chini kama gunia. Akatua jembe.

"Mbegu hakuna," akasema. "Kwa hiyo binti yangu hatoki."

"Mama, nimejenga."

"Waachie panya."

Zamoyoni, aliyempenda Kobelo pamoja na mdomo wake, alimtazama weee, kisha akasema, "Mimi ndiye nisiyetoka. Wewe nani kakwambia usiingie?"

Basi Kobelo akajitwika kitanda chake mchana kweupe, akashuka bonde, akapanda ng'ambo, watu wamejipanga njiani wanatazama.

Na tangu siku hiyo okidi hukaa juu ya miti, mbegu yake ni vumbi lisilo na akiba, na haioti mpaka ilishwe na ukungu. Anayeifuga nyumbani huichavusha kwa kijiti, tunda likikaribia kuiva hulivisha kitambaa mbegu zisipeperuke, kisha huingoja njano na mikono yake mfukoni. Na upande ule wa milima, mwanamume ndiye anayehamia kwa mkewe. Ukimkuta mmoja anamchotea maji mama mkwe, usimuulize sababu. Atakwambia amefuata hewa nzuri.