Kibao cha Buyenzi

Hapo zamani, na msidhani naongelea enzi za babu zenu, zamani yangu mimi ni ya juzi tu, simu zilikuwepo, vijana watatu wa Kigoma walipelekwa Bujumbura muhula mmoja wakanyooshe Kifaransa chao.

Mimi shule niliiacha darasa la sita, na iliyopata hasara ni shule. Lakini macho ninayo, na kisa hiki nakijua kuliko waliokuwemo. Sikilizeni, mwishoni mtanijibu. Na najua mtaficha mnachofikiri.

Wa kwanza Feruzi, mtoto wa imamu, adabu mpaka inakera. Wa pili Zaituni, ulimi wembe, macho hayasinzii. Wa tatu Ntahondi, Muha wa Kasulu, mkimya, anatabasamu mdomo ukiwa umefungwa. Mtu wa namna hiyo mimi simgeuzii mgongo.

Siku ya kuondoka mwalimu wao, Lukanda, akatoa kibao cha mbao chenye kamba. Mnakijua. Ukisema lugha iliyokatazwa unavishwa shingoni, unatembea nacho mpaka umnase mwenzako. Mimi nilikivaa muda mrefu hadi mama akadhani ni hirizi, akataka kumjua mganga.

"Nafasi za kubaki kule mkamaliza diploma ni mbili," Lukanda akasema. "Nyie ni watatu. Atakayesema Kiswahili atavaa. Aliyevaa amnase mwenzake. Atakayekutwa nacho siku ya mwisho, saa kumi na moja jioni, Madamu Clotilda, msimamizi wenu wa kule, atamrudisha nyumbani."

"Na muhula wake, mwalimu?" Zaituni akauliza.

"Umekwenda na maji."

Kupima Kifaransa kwa kunyamaza Kiswahili! Halafu mnaniuliza kwa nini niliwaachia shule yao.

Sasa wakapangishiwa wapi? Buyenzi! Mtaa ambao hata kuku wanafukuzwa kwa Kiswahili. Ni kumpeleka samaki akajifunze kuishi nchi kavu, ukampangia chumba bwawani. Mwenye nyumba, Mama Kezia, mkaanga mandazi, akawapokea mlangoni.

"Karibuni wanangu! Mmekula?"

Watatu wakatazama viatu vyao.

"Mungu wangu, wameniletea mabubu."

Basi pale ndipo shaka ilipoingia, ikavua viatu, ikakaa. Mdomo ukifunguka, kibao kinahama. Feruzi akalala na kitambaa kinywani asije akaota kwa Kiswahili. Zaituni akawa anapita madirishani kama mtoza kodi. Ntahondi akatabasamu.

Wa kwanza kunaswa alikuwa Zaituni mwenyewe. Alijikwaa kwenye ndoo, akasema, "Mama yangu we!" Mdomo ukafunguka, kibao kikahama. Akakivaa miezi miwili, shingo ikaota alama.

Lakini Zaituni si mtu wa kulia. Mama Kezia alikuwa na binti wa miaka minne, Kezia huyo. Zaituni akampa pipi, akamfundisha neno moja kwa kunong'ona. Asubuhi yake Feruzi anafua shati, Kezia akamsogelea, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, kaka."

Mtoto wa imamu huyo! Angefanyaje?

"Marahaba, mama."

Zaituni akaibuka nyuma ya pipa la maji, kamba ya kibao tayari ameikunjua. Toka siku hiyo Kezia akawa anamwamkia kila anayepita, mkono mbele, anadai pipi.

Feruzi akabaki na wiki tatu za kumnasa mtu. Akamfuata Ntahondi kimyakimya hadi sokoni, maana shingo safi miezi yote ni shingo ya kutilia shaka. Akamkuta anapatana bei ya maharage, anacheka mpaka magego yanaonekana. Kwa Kirundi! Kiha na Kirundi ni ndugu wa chungu kimoja. Jamaa muhula mzima amekula, amecheka na amechumbia kwa Kirundi. Kifaransa kwake kilikuwa sare ya darasani.

"Huu ni wizi!" Feruzi akamwambia, kwa Kifaransa, nawatafsiria bure.

"Kibao kimekataza Kiswahili," Ntahondi akajibu. "Kirundi kimeandikwa wapi?"

Ikafika siku ya mwisho. Saa kumi alasiri. Mama Kezia ameingia ndani kuchukua unga, karai la mafuta linachemka jikoni uani. Zaituni yuko ng'ambo ya ua, anaanika nguo. Ntahondi ameketi kwenye kigoda, hatua sita kutoka jikoni. Feruzi amejibanza nyuma ya mlango, kibao mkononi, anavizia.

Kezia akaja, akashika mpini wa karai kwa mikono miwili. Akavuta.

Ntahondi akapiga kelele, "Atansyo!"

Mtoto akamtazama, akacheka, akavuta zaidi. Kifaransa cha 'jihadhari' anakijulia wapi?

Zaituni akapasua koo: "Kezia! Achia! Rudi nyuma!"

Mtoto akaachia, akaruka. Karai likapinduka, mafuta yakamwagika palepale nyayo zake zilipokuwa.

Na kabla moshi haujatulia, Feruzi akatoka mlangoni na kamba. Mdomo umefunguka, kibao kimehama.

Saa kumi na moja kasoro kumi wakasimama mbele ya Madamu Clotilda, Mama Kezia yumo, Kezia amemshika kanga. Watatu wanajitetea kwa Kifaransa, Madamu anamtafsiria Mama Kezia.

Feruzi akasema, "Mimi nilinaswa kwa adabu. Nimemnasa kwa sheria. Sheria yenu, si yangu."

"Ulikuwa unamtazama mtoto?" Madamu akauliza.

"Nilikuwa nautazama mdomo wa Zaituni."

Mimi hapo nilimwamini, na ndicho kilichonitisha.

Zaituni akasema, "Ningenyamaza, mtoto angeungua. Nyamazeni nyie tuone."

"Na pipi?" Feruzi akamgeukia. "Ulimfundisha nani kutega watu?"

Mama Kezia akageuka taratibu. "Kumbe wewe? Uliyemwokoa mwanangu ndiye uliyemfanya chambo?"

Ulimi wembe wa Zaituni ukapata kutu.

Ntahondi akasema, "Shingo yangu haina alama. Nilipiga kelele wa kwanza, tena kwa Kifaransa, kama tulivyoagizwa."

"Kirundi mtoto anakielewa," Mama Kezia akamwambia. "Mimi mwenyewe nimekusikia unakizungumza na majirani. Kilikwenda wapi?"

Ntahondi kwa mara ya kwanza hakutabasamu. "Kilinijia. Lakini niliona kivuli cha Feruzi mlangoni. Nilijua angekuja kunishtaki hapa kwamba Kirundi nacho ni wizi."

Madamu akakitoa kibao shingoni mwa Zaituni, akakilaza katikati ya meza. Akatazama saa ya ukutani.

"Zimebaki dakika nne," akasema. "Bado kinaweza kuhama."

Ndipo Kezia akaachia kanga ya mama yake. Akaenda akasimama mbele ya wale watatu, akainamisha kichwa, mkono mbele.

"Shikamooni."

Feruzi akauma mdomo. Zaituni akauma mdomo. Ntahondi akauma mdomo. Mtoto waliyeishi naye muhula mzima anawaamkia, na mshale wa saa unatambaa, na mkono mdogo uko pale pale hewani.

Haya, nimemaliza yangu. Wewe unayejifanya mcha Mungu, na wewe unayecheka huko nyuma, msitazamane, kila mtu ajibu lake. Feruzi aliyeutazama mdomo asimwone mtoto. Zaituni aliyemtega mtoto kisha akamponya. Ntahondi aliyekuwa na lugha ya kumwokoa akaimeza. Mtoto bado anasubiri marahaba.

Je, kibao kilistahili shingo ya nani?