Kiti cha Ngozi cha Bwana Mahimbo

Aliyemletea fundi Siwema habari kwanza alikuwa Bi Mgeni, muuza vitumbua.

"Mwanangu, ficha cherehani! Bwana Mahimbo anakuja na mjumbe wa mtaa. Anasema ulipomtengenezea kiti uliiba ngozi halisi, ukaweka plastiki."

Siwema hakuificha. Alikuwa ameshona tu mshono uliofumuka kwenye kiti kimoja cha banda la Mahimbo la michezo ya kompyuta, ambacho vijana walikuwa wakimlipa maradufu ili wakikalie. Sasa sehemu ya kukalia ilikuwa ikibanduka magamba kama samaki.

Mahimbo akafika, vijana wakikibeba kiti nyuma yake.

"Ngozi ya ng'ombe wa Ulaya!" alifoka. "Irudishe, au nachukua cherehani."

"Shikamoo, bwana. Kwani niliiba yote?"

"Ya kukalia tu. Ya mgongoni hukuigusa. Hiyo ni ngozi tupu!"

"Unaapa?"

"Naapa mbele ya mjumbe!"

"Basi tuijaribu hiyo yako, ili mjumbe aone tofauti." Siwema akawasha kiberiti, akakisogeza kwenye mgongo wa kiti.

Mahimbo aliruka. "Acha, we mwanamke! Itayeyuka!"

Mjumbe akamgeukia taratibu. "Ngozi ya ng'ombe, bwana, tangu lini ikayeyuka?"

"Bosi," kijana mmoja akadakia, "ng'ombe wako alizaliwa na ndoo ya plastiki!"

Mahimbo akajitwika kiti chake mwenyewe, akaondoka bila kuaga.

Kesho yake asubuhi Siwema alifungua kibanda mapema, akaitoa cherehani barazani, na juu yake akaweka kiberiti.