Jina la Arobaini na Mbili

Wahenga walisema ukubwa ni jaa. Wengi huisema methali hii wakicheka, hasa wale ambao hawajawahi kupewa ukubwa hata wa kuchunga mbuzi. Jaa ni pale nyuma ya nyumba ambapo kila mtu hutupa alichokikataa: maganda, majivu, miiba ya samaki. Halichagui wala halirudishi. Anayeidhania methali hii kuwa mzaha na asikilize habari za Sévère Ndikumana wa Kiringye, aliyekwenda chuoni kutafuta ualimu, akaongezewa na uongozi ambao hakuuomba.

Chuo chenyewe kilikuwa kando ya ziwa, kusini mwa mji wa Uvira, chini ya mapadri. Vijana arobaini na wawili walilala katika bweni moja, wengi wao wana wa wakulima wa pamba wa bonde la Ruzizi. Mwezi wa tisa mwaka 1956, Sévère alipokuwa akiuanza mwaka wake wa mwisho, Padri Direkta, mkuu wa chuo, alimwita mbele ya wote akamvika shingoni firimbi ya kapita. Kapita ndiye aliyewaamsha wenzake, akawapanga mstari wa misa, akawagawia majembe na chakula. Sévère alijiona mrefu siku ile. Aliandika barua nyumbani, na baba yake akampelekea katekista amsomee mara tatu, ingawa mara ya kwanza alikwisha kuielewa vizuri.

Mtu mmoja tu hakumpongeza. Huyo alikuwa Bigirimana, kapita wa mwaka uliotangulia, aliyekuja kuchukua diploma yake. Alimpa mkono, akaitazama ile firimbi kama mtu anayemtazama mbwa aliyewahi kumng'ata.

"Minye niliingia hapa na marafiki kumi," alisema. "Nimetoka na firimbi tu, na hata yenyewe nimekuachia weye."

Sévère alicheka. Alidhani ni wivu, na kijana mwenye firimbi mpya haambiliki.

Rafiki yake mkubwa alikuwa Masumbuko, mtoto wa mjini, wa mtaa wa Mulongwe, mwenye mwandiko mzuri kuliko wote chuoni. Kila Jumapili baada ya misa walikwenda pamoja kwa mama yake, Mama Zaina, aliyeuza ndagala wakavu, wale dagaa wa ziwani, sokoni. Mama huyo alikuwa Mwislamu, mjukuu wa wafanyabiashara wa zamani wa ziwani. Aliwaachia mapadri wambatize mwanawe wa pekee kwa kuwa bila ubatizo asingepata nafasi ya kusoma, na ndugu zake walikaa miaka miwili bila kumwamkia. Hakulalamika. Alisema siku Masumbuko atakapoleta diploma, watamwamkia wenyewe. Jumapili hizo aliwapikia vijana wote wawili, na Sévère akazoea kumwita mama.

Huko Kiringye, bondeni Ruzizi, kulikuwa na desturi ambayo Sévère aliinywa pamoja na maziwa. Anayegawa hula mwisho. Baba yake alipogawa nyama ya sikukuu aliwapa wageni, akawapa watoto, akampa hata jirani asiyeelewana naye, ndipo akachukua kilichobaki, hata kama kilikuwa mfupa. Mgawaji aliyejitangulizia mkono alihesabiwa kuwa mwizi, na aibu yake iliwafuata mpaka wajukuu. Basi na Sévère chuoni alifanya vivyo hivyo. Alipakua ugali katika mabeseni sita, watu saba kwa beseni, la meza yake likiwa la mwisho, na katika hilo mkono wake ndio ulioingia baada ya mikono yote. Masumbuko alimtania kwamba kwa adabu hiyo atakufa na njaa akiwa ameshika mwiko.

Mvua za mwezi wa tatu zilikuja kwa hasira. Mto Mulongwe ulifurika, ukachukua nyumba na daraja, na lori la chakula halikuweza kuvuka. Unga wa muhogo uliobaki ghalani ukaingia maji, ukaota ukungu wa kijani. Mpishi aliuchekecha akaupika hivyohivyo. Vijana walianza kuumwa matumbo, na darasani viti vikawa vinabaki wazi.

"Kapita, weye uko na mulomo wa kumufikia Padri," Masumbuko alimwambia mbele ya wenzao. "Sisi tuko na matumbo tu."

Sévère alikwenda. Padri Direkta alimsikiliza akiwa amesimama, kisha akamwambia kwa upole kwamba kazi ya kapita ni kupeleka nidhamu kwa wanafunzi, si kuleta manung'uniko ya wanafunzi kwake. Alirudi mikono mitupu. Wenzake walimtazama tu, na kutazamwa kule kulimchoma kuliko matusi.

Hapo ndipo alipopata wazo lililomponza. Mwezi uleule walikuwa wamefundishwa namna ya kuandika barua rasmi kwa Kifaransa, na mwalimu wao alikuwa amewakazia kwamba barua isiyo na jina la mwandishi ni barua ya mwoga. Sévère aliona kwamba Padri akiandikiwa kwa heshima zote, kwa Kifaransa kilichonyooka na majina yote chini yake, atajua kwamba hawa si wakorofi bali ni walimu wa kesho. Hakujua, na nani angemwambia, kwamba kwa wakubwa wa siku zile majina mengi chini ya karatasi moja yaliitwa maasi.

Sévère alitunga maneno, Masumbuko akayaandika kwa ule mwandiko wake. Ilipofika zamu ya kutia majina, Masumbuko alimpa kapita kalamu. Sévère aliikataa. Alisema anayegawa hula mwisho, kwa hiyo mwandishi na aanze. Masumbuko alicheka, akaandika jina lake juu kabisa, kubwa na zuri. Wakafuata Niyonsaba na Habonimana, kisha wengine wote mmoja mmoja. Sévère aliweka lake chini kabisa, la arobaini na mbili, na moyo wake ulikuwa mweupe. Hakuwahi kuwa na furaha kama ile tena.

Kesho yake, barua ilipokwisha kumfikia, Padri Direkta aliwasimamisha uwanjani. Uso wake ulikuwa mwekundu, lakini sauti ilikuwa ya chini. Alisema ameona waziwazi nani aliyeongoza na nani aliyeburutwa, maana wachochezi hawawezi kujizuia kutangulia. Wenye majina matatu ya juu watafukuzwa leo hii. Akamkabidhi Sévère karatasi ayasome, kwa kuwa hiyo ni kazi ya kapita.

Sévère aliyasoma. Alisikia sauti yake mwenyewe ikilitaja jina la Masumbuko.

Walipotawanyika alimfuata Padri ofisini, akavua firimbi na kuiweka mezani. Alisema barua ni yake, wazo ni lake, maneno ni yake, na anayestahili kufukuzwa ni yeye. Padri alimtazama karibu kwa huruma. Alimwambia kwamba kama anasema uongo ili kuwaokoa rafiki zake, ni uongo mzuri, ila aukomeshe. Na kama anasema kweli, basi wote walimfuata kapita wao katika uasi, na itambidi kulifunga bweni zima na kuwarudisha vijana arobaini na wawili mashambani. Achague. Firimbi ilikuwa katikati yao juu ya meza.

Sévère aliwafikiria wale thelathini na wanane waliobaki, na mama zao wenye mikono iliyochanika kwa kuchuma pamba. Akaichukua firimbi, akaivaa.

Aliwasindikiza watatu wale mpaka barabarani, akiwa amejitwika kichwani sanduku la bati la Masumbuko. Njiani alimweleza yote yaliyopita ofisini. Masumbuko alimwacha amalize.

"Kama ulisema barua ni yako, mbona firimbi iko mu shingo yako bado?"

Sévère alijaribu kumweleza juu ya wale wengine. Masumbuko alilitoa sanduku lake kichwani pa rafiki yake, akajitwika mwenyewe.

"Ulituambia anayegawa anakula wa mwisho," alisema. "Haya. Sasa kula."

Bwenini mambo yalikuwa yamekwisha kuamuliwa. Kapita alikuwa mjanja, aliwatanguliza wenzake akajificha chini ya karatasi. Hata wale wa bonde la Ruzizi, waliokulia katika desturi ileile, siku ile waliisahau kama hawajaisikia. Sévère aliwaeleza mara moja, akawaeleza mara ya pili, kisha akaona kwamba kila neno analolisema linazidi kumchafua.

Juma lililofuata mtumbwi mkubwa ulileta magunia ya unga mpya, mweupe, maana Padri alikwenda ghalani mwenyewe akauona ule wa kijani. Barua ilikuwa imefanya kazi yake. Hakuna aliyelitaja jambo hilo. Sévère alipakua mabeseni matano, akapakua la sita, na alipofika mezani kwake alilikuta limekombwa, limepanguswa kwa vidole mpaka bati linang'aa. Wenzake sita walikuwa wakitazama ziwa. Alikaa kidogo, akapuliza firimbi ya kuosha vyombo. Ikawa hivyo siku nyingi mpaka mwezi wa saba, naye akajifunza kumwomba mpishi ukoko.

Siku moja alipata ruhusa, akaenda Mulongwe. Alimkuta Mama Zaina mbele ya nyumba, akitoa mchanga katika ndagala. Masumbuko alikuwa ameondoka. Wengine walisema yuko Usumbura anabeba mizigo, wengine walisema ameteremka hadi mji wa Albertville. Sévère alipiga magoti akaanza kusema, na mama akaendelea kupepeta.

"Padri sina hasira naye," alisema hatimaye, bila kuinua uso. "Padri ni mugeni, hatumujue, naye hatujue. Lakini weye ulikula kwangu."

Mama alitikisa ungo, mchanga ukaanguka.

"Nilikubali wamubatize juu asome. Sasa hana musikiti, hana diplome, na kanisa lenyewe haliingie tena. Ndugu zangu wanaona walisema kweli. Enda, mwanangu. Sitaki watu wakuone hapa."

Neno lile mwanangu lilimuumiza kuliko yote, kwa kuwa alilisema kwa mazoea tu. Alirudi chuoni kwa miguu akilia njiani mbele ya watu.

Siku ya diploma, baba yake alifika kutoka Kiringye na koti la kuazima. Padri Direkta alisimama mbele ya wazazi akamsifu Sévère Ndikumana kuliko wote. Alisema kijana huyu aliingia mtoto na sasa anatoka kiongozi aliyekomaa, anayejua kusimama imara hata asipopendwa. Na kwa bahati mbaya ilikuwa kweli, maana alikuwa amejifunza kushinda na njaa bila uso kubadilika, na kulala kati ya watu thelathini na wanane bila kuambiwa usiku mwema. Baba yake alipiga makofi peke yake, akageuka kuwatafuta wengine, kisha mikono yake ikapungua polepole.

Baada ya hapo ilimbidi aikabidhi firimbi kwa kapita mpya, kijana wa Kiringye kama yeye, aliyekuwa akitabasamu hadi masikio. Sévère aliivua akatafuta la kumwambia. Alimkumbuka Bigirimana, akajua kwamba hata akisema, kijana huyu atadhani ni wivu. Akamvika bila neno, akambebea baba yake mzigo, wakaishika njia ya Kiringye. Watu waliowapungia mkono walimpungia yule mzee tu. Ama kweli, ukubwa ni jaa.