Mpangaji Asiyeuona Mwezi

Hapo zamani, masultani walipokuwa wengi kuliko wapishi wao, palikuwa na mji uitwao Shanuni, na mtawala wake alikuwa Sultani Yakuti, mtu wa kucheka upesi na kufikiri baadaye. Katika mji huo aliishi mjane kijana, jina lake Mize. Mumewe alifariki akamwachia vitu viwili: mtoto wa kike aliyekuwa bado ananyonya, aitwaye Zena, na nyumba ya vyumba vitatu yenye paa la makuti. Chumba cha uani alilala mwenyewe na mwanawe. Cha kati alimpangisha Bi Ruzuna, mshona kofia. Na kile cha mbele, kikubwa, chenye dirisha la kuelekea njiani, alikaa Bwana Haidari, shemeji yake Sultani.

Watu wa mtaani walimwona Mize kuwa punguani, kwa sababu kila neno alilichukua kama lilivyotamkwa. Siku moja jirani yake alimwambia, "Nishikie chungu changu hiki, narudi sasa hivi," kisha akaenda zake harusini. Basi Mize akasimama na kile chungu mikononi, mtoto mgongoni, tangu asubuhi hadi alasiri, mpaka mwenyewe aliporudi akamkuta pale pale. Watu wakacheka hadi wakakaa chini. Mize akainamisha uso, kwani alikuwa mwenye haya; lakini tangu siku hiyo jirani yule kila alipotaka kusema "sasa hivi" aliuuma ulimi.

Bwana Haidari yeye alikuwa na kazi moja tu, kuonja chakula cha Sultani kabla Sultani hajala, isije ikawa kimetiwa sumu. Kazi hiyo aliifanya kwa moyo wake wote, akaonja mpaka maua yaliyochorwa chini ya sinia yakaonekana. Alipopanga chumba, alipatana na marehemu mume wa Mize mbele ya mashahidi, akasema, "Kila mwezi utakapoandama nami nikauona, nitalipa kodi." Marehemu aliridhika, kwani ni nani asiyeuona mwezi? Na ikawa maadamu mwenye nyumba yu hai, Bwana Haidari aliuona kila ulipoandama, akalipa.

Lakini mume wa Mize alipozikwa, macho ya Bwana Haidari nayo yakafa. Mwezi wa Mfunguo Saba, wa saba tangu Ramadhani kwisha, uliandama, ngoma ikapigwa, na kesho yake Mize akasimama mlangoni kwake.

"Hodi, Bwana Haidari. Mwezi umeandama."

"Umeandama?" akauliza yule bwana, akiwa amejilaza juu ya takia. "Mimi sijauona, mama Zena."

"Ngoma imepigwa, bwana."

"Nimeisikia. Ngoma nzuri sana. Lakini nilipatana na marehemu kuuona, sikupatana naye kuusikia."

Ikawa hivyo Mfunguo Nane, na Mfunguo Tisa, na Rajabu, na Shaabani. Kila jioni ya mwandamo, watu walipotoka kutazama magharibi, Bwana Haidari alipita njiani akiwa amefunua mwavuli wake mweusi, ameushusha hadi mabegani. Watu wakamuuliza, "Bwana Haidari, mvua iko wapi?" Naye akawajibu, "Iko njiani inakuja."

Na kweli mvua ilikuwa njiani. Makuti ya chumba cha uani yalikuwa yameoza, na kila wingu lilipopita Mize aliuhamisha mkeka, leo pembe hii, kesho pembe ile, hata zikawa hazijabaki pembe. Masika yangeingia baada ya Idi. Fedha ya kununulia makuti mapya haikuwepo ila ile iliyokuwa chini ya takia la Bwana Haidari. Basi Ramadhani ilipofika kumi, mtoto akaanza kukohoa, Mize akamfunga Zena mgongoni, akajitanda buibui, akaenda barazani kwa Sultani baada ya sala ya alasiri.

Saa ile Sultani alikuwa na njaa, na mtu mwenye njaa hutafuta cha kumpitishia wakati. Akayasikiliza maneno ya Mize, kisha akamgeukia shemejiye.

"Haidari, wasemaje?"

"Ewe Bwana wangu," akasema Haidari, akiinama kadiri tumbo lilivyomruhusu, "tulipatana niuone. Sijauona."

Mize akainua uso kidogo, akasema kwa sauti ndogo, "Bwana wangu Sultani, mbona Bwana Haidari amefunga saumu pamoja nasi? Ikiwa hakuuona mwezi wa Ramadhani, aliingiaje katika Ramadhani?"

Watu wakanong'onezana. Haidari hakutikisika. "Niliingia kwa sikio. Nilisikia ngoma, nikamcha Mungu, nikafunga. Saumu huingia kwa sikio, kodi huingia kwa jicho."

Sultani akacheka hadi kilemba kikamshuka usoni. Akaona kuwa amepata mchezo wa kumfikisha magharibi.

"Basi sikiliza, ewe mwanamke. Mimi natoa hukumu. Tangu leo hakuna atakayemletea Haidari mwezi kwa sikio. Ngoma si kitu kwake, ushahidi wa watu si kitu kwake. Mwezi kwake ni ule atakaouona kwa macho yake na kuukiri kwa kinywa chake. Nawe usimbishie mlango, usimtoe chumbani, wala usilitamke neno la kodi mbele yake. Ukiweza kumfanya akiri kabla ya jua la Idi kuchwa, atakulipa yote, nami nitakuongezea mfano wake. Ukishindwa, nyumba ni yake."

 Mize aliisikia pumzi ya Zena ikimpiga shingoni, ya moto. Nyumba ikienda, atamlaza wapi mtoto huyu? Lakini aliyasikia pia maneno ya Sultani, na kama kawaida yake akayashika kama yalivyotamkwa, moja baada ya moja.

"Bwana wangu," akasema, "mimi watu huniita punguani, naogopa kukosea. Hukumu hii ya mwezi ni kwa jambo hili letu tu, au ni kwa kila jambo la Bwana Haidari?"

"Hukumu ya Sultani haikatwi vipande kama kaniki!" akasema Sultani kwa majivuno. "Ni kwa kila jambo lake."

"Basi naomba iandikwe, ili nisiisahau."

Kadhi akaiandika, Sultani akaipiga muhuri, na Mize akaikunja akaitia kifuani. Haidari akamcheka mbele ya watu. "Itunze vizuri, mama Zena. Utapata cha kuwashia moto."

Zikapita siku. Bwana Haidari akaanza kuupima uwanja wa nyuma kwa hatua, akasema kwa sauti ya kusikika, "Hapa nitafuga mbuzi. Hapa pia mbuzi." Majirani wakamhurumia Mize, wengine wakamgombeza. "Ewe mwanamke, mbona hufanyi kitu? Mfuate! Uchane ule mwavuli!" Mize akawajibu, "Sikuambiwa niuchane mwavuli," akaendelea kumnyonyesha mwanawe.

Jioni ya ishirini na tisa mji wote ulipanda juu ya mapaa. Mwezi ukaonekana, mwembamba kama ukucha wa mtoto, ngoma ikalia, watoto wakapiga kelele. Chini njiani, mwavuli mweusi ulipita polepole, ukaingia ndani, na mlango ukafungwa.

Kesho yake baada ya sala ya Idi, wakubwa wa mji walikaa barazani kwa Sultani. Masinia yakaja, la pilau ya mbuzi, la kuku wa kupaka, na mikate ya kumimina, na kaimati zinazong'aa kwa shira. Harufu ikapanda hata walinzi mlangoni wakameza mate. Sultani akakunja mikono ya kanzu yake, na Bwana Haidari, katika joho jipya, akatia tonge la kwanza vidoleni.

Hapo Mize akaingia na mtoto kiunoni, akasalimu, akasema, "Subhanallah! Bwana Haidari, unakula mchana wa Ramadhani?"

Tonge likasimama hewani.

"Ramadhani gani?" akafoka Haidari. "Leo ni Idi! Hukusikia ngoma?"

"Mimi nimeisikia, bwana, na kwangu ni Idi. Kwako ngoma si kitu." Mize akaitoa karatasi, akampa kadhi kwa mikono miwili. "Mimi ni punguani, sijui kueleza. Kadhi atatusomea."

Kadhi akasoma, na alipofika kwenye muhuri ndevu zake zikawa zinacheza kwa kicheko alichokizuia. "Ni kweli, Bwana Haidari. Kwa sikio uliingia, lakini baadaye sikio likafungwa. Maadamu hukuuona mwezi, wewe ungali katika Ramadhani. Lirudishe tonge."

"Amenidai!" Haidari akapiga kelele. "Bwana wangu, amevunja sharti!"

"Sijadai chochote," akasema Mize. "Naiogopea saumu ya mpangaji wangu."

Sultani akacheka, akajipiga goti, akanyoosha mkono kwenye pilau. Kadhi akakohoa. "Bwana wangu, mwonjaji hajaonja."

Mkono wa Sultani ukarudi taratibu, na kicheko nacho kikakatika. Akautazama mvuke wa pilau ukipungua. Akamtazama shemejiye. "Haidari," akasema, na sauti yake haikuwa tena ya mchezo, "huo mwezi wa jana uliuona, hukuuona?"

Haidari akatazama tonge, akatazama watu, jasho likamtoka. "Niliuona, Bwana wangu. Nilichungulia kidogo dirishani."

"Alhamdulillahi!" akasema Sultani. "Onja!"

"Bado kidogo, Bwana wangu," akasema Mize, ameinamisha macho kwa haya. "Hukumu yasema mwezi kwake ni ule aliouona. Wa mwisho kuuona ulikuwa wa Mfunguo Sita, marehemu akiwa hai. Basi huu wa jana, kwake, ni wa Mfunguo Saba. Saumu aliyoiingia kwa sikio haitoki ila kwa Idi, na Idi yake ingali mbali, baada ya miandamo sita mingine."

"Miandamo sita!" akalia Sultani. "Na mimi nile lini? Haidari, kumbuka! Kuku anapoa!"

"Wa Mfunguo Saba..." akasema Haidari kwa sauti ya mtu anayeng'olewa jino, "...niliuona ndani ya ndoo, nikitia udhu."

Kadhi akaandika. "Mfunguo Nane?"

"Nyuma ya mnara wa msikiti. Bahati mbaya tu."

"Mfunguo Tisa?"

"Mwavuli una tundu."

"Rajabu?"

"Tundu lile lile."

"Shaabani?"

"Nililipanua."

"Na wa Ramadhani, uliosema umeusikia?"

Haidari akafumba macho. "Wa Ramadhani niliufunga kabisa mwavuli. Ulikuwa mzuri mno."

Baraza ikaangua kicheko kimoja. Hata Zena, asiyejua kitu, alicheka akapiga makofi, akaikwapua kaimati moja katika sinia akaitia kinywani. Sultani akamwona akiitafuna na kuimeza.

"Angalau mtoto huyu ameonja," akasema. Kisha akaona haya, kwani aliikumbuka hukumu yake na jinsi alivyoiweka nyumba ya yatima kuwa mchezo wa kungojea futari. Akasimama mbele ya wakubwa wote. "Haidari, utalipa miandamo saba kabla hujatia kitu kinywani. Nami nitatoa mfano wake, na makuti ya paa yatatoka kwangu, yaezekwe kabla ya masika. Tena nani aliyemwita mwanamke huyu punguani?"

Kila mtu akatazama miguu yake.

Basi Haidari akatuma kuletwa mfuko uliokuwa chini ya takia, akalipa, akaonja, na siku hiyo hakuna aliyemwona akionja haraka namna ile. Mize akarudi kwake, na kabla ya juma kwisha mafundi walikuwa juu ya paa.

Majirani wakamjia na mashauri. "Sasa una nguvu, mama Zena. Mbane na Bi Ruzuna, naye amechelewa miezi miwili."

"Bi Ruzuna anaumwa macho, hawezi kushona," akajibu Mize. "Lakini mwezi huuona kabla yangu, akaja mwenyewe kuniambia hana. Huyo nimbane kwa lipi?" Akaingia ndani akautandika mkeka wake katikati ya chumba, pale alipopenda.

Ama Bwana Haidari, mwavuli wake aliugawa sadaka. Tangu mwaka ule, jioni ya mwandamo ilipokaribia, alikuwa wa kwanza kupanda juu ya paa jipya la Mize, akakodoa macho magharibi na kupiga ukelele, "Nimeuona! Mashahidi nyote, nimeuona!" Na mara nyingine ilimbidi kadhi atoke nje amsihi ashuke, kwa kuwa mwezi ulikuwa bado siku mbili.